Tulivyoishi kwa CD4

Aliyekuwa mtu mzima Dar es Salaam kati ya mwaka 2004 na 2016 hahitaji kuelezwa CD4 ni kitu gani. Ilitoka maabara ikaingia mitaani, ikazungumzwa kwenye vibaraza vya Mtaa wa Swahili, kwenye foleni za maji Jangwani na ndani ya vipanya vya kutoka Kariakoo kwenda Mwenge, tena na watu ambao hawajawahi hata kuchomwa sindano ya kupimwa. Mtu akikonda, walinong'ona kwamba CD4 zimeshuka. Akianza kujaa mashavu, walisema zimepanda, na waliompenda wakashusha pumzi. Leo husikii. Kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu Mtaa wa Kongo nilimtajia juzi, akaniuliza ndiyo nini.

Nilifurahi kwamba hajui, na papo hapo nikasikia uchungu. Ninataka kuyaeleza yote mawili.

Miaka hiyo nilikuwa maabara, kwenye meza ya CD4, na kwetu ni Jangwani, jirani na lile bonde la Msimbazi ambalo kila mvua kubwa inaponyesha hutudai chake. Wagonjwa wa upande wetu walipita Faya kwa miguu kuelekea Upanga alfajiri, kabla wachuuzi hawajamaliza kupanga nyanya na mchicha, kina mama wamejitanda khanga mpaka usoni ili mtu asiwatambue. Wengine waliikwepa kabisa kliniki ya karibu, wakapanda magari mawili kwenda Temeke au Mwananyamala, na wa Temeke nao wakaja kwetu. Damu ilifika mezani ikiwa na namba, haina jina. Lakini korido haifichi sura. Nilijua mengi ambayo yalibaki kifuani mwangu, na jioni mtaani tulisalimiana kama siku zote: "Shikamoo mama." "Marahaba baba, za kazi?" Tukapita.

Kazi yenyewe niisimulie, maana nayo imekwenda. Chupa za vifuniko vya zambarau zilipangwa kwenye raki, damu ikiwa imeshachanganyika na dawa ya kuizuia isigande. Vitendanishi vilikaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya vijitubu vya pacha, kimoja cha CD4 na kingine cha CD8. Ulitoboa vifuniko kwa kifaa chake, ukavuta damu maikrolita 50, tone tu, kwa pipeti iliyotaka mkono usiotetemeka, ukaitia, ukatikisa, kisha ukaviweka vijitubu gizani saa nzima. Giza lilikuwa sehemu ya kipimo. Ndani ya vijitubu vile kulikuwa na kingamwili zilizofungwa rangi inayong'aa, na rangi hiyo ikiachwa kwenye mwanga hufifia kabla ya kazi kuanza. Basi tulifunika, tukazima taa za upande ule, tukakaa tunajaza daftari kubwa la jalada gumu, mstari kwa mstari, feni ikizunguka na sauti za wapiga debe zikitufikia kutoka barabarani.

Kingamwili za CD4 zilitengenezwa zishike kitu kimoja tu, alama ya CD4 iliyo juu ya chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili, ambazo ndizo virusi vya UKIMWI huzivamia. Ufundi wa kupata kingamwili za namna moja isiyobadilika uligunduliwa Cambridge mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, na mwaka 1984 ukawapatia Tuzo ya Nobel. Rangi yenyewe, fikoerithrini, asili yake ni mwani mwekundu, ukoo mmoja na mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani. Siku niliyosoma hilo niliipenda kazi yangu zaidi. Saa ikitimia tulitia dawa ya kuhifadhi chembe, tukaingiza kijitubu kwenye mashine, na chembe zikapita mbele ya mwale wa leza moja baada ya moja, kama abiria wanavyopita getini kituo cha mwendokasi, kila iliyobeba rangi ikimweka na mashine ikihesabu. Kisha karatasi ndogo ikatoka. 431. 188. 64. Mtu mwenye afya huwa na kati ya 500 na 1,500 hivi kwa kila maikrolita ya damu. Nimeona 12. Nimeona na 3.

Mashine hiyo haikuanza na kliniki za dawa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na mwaka 1986 Muhimbili ikaanza na Wasweden ushirikiano wa utafiti ulioitwa TANSWED. Mwaka 1996 Eligius Lyamuya na wenzake walichapisha tathmini ya njia tatu za kuhesabu CD4, na FACSCount, mashine ambayo baadaye tuliizoea sote, ilikuwa mojawapo. Wakati huo huo ulikuwa unaendelea hapa mjini utafiti wa vitamini ulioanza mwaka 1995, wa Wafaie Fawzi wa Harvard na Gernard Msamanga wa Muhimbili, uliowahusisha wajawazito 1,078 wenye VVU. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: vitamini za B, C na E zilipandisha CD4 za wanawake wale na kupunguza vifo vya watoto tumboni. Ni kazi ya kujivunia. Lakini dawa za kufubaza virusi hazikuwepo kwa mtu wa kawaida, na kinachoniuma nikikumbuka miaka ile ni kwamba watu walihesabiwa wakati hatukuwa na cha kuwapa.

Mwaka 2004 dawa za bure zikaanza, na hapo CD4 ikageuka kuwa lango. Chini ya 200 ulianzishiwa dawa. Ukiwa na 200 na zaidi, na huna dalili kubwa, ulipewa septrini, ushauri nasaha na tarehe ya kurudi. Palikuwa na sababu: dawa zilikuwa chache, fedha ilikuwa ya wafadhili, na vidonge vya wakati ule vyenye stavudini vilitia watu ganzi miguuni na kuwakausha mashavu, kwa hiyo kumwanzishia mtu mapema hakukuonekana jambo la busara. Mwongozo ulisema hivyo na sisi tukafuata. Namkumbuka mama mmoja muuza vitumbua, karatasi yake ikasema 212. Alikuja amejitayarisha kabisa, amekuja na dada yake wa kumkumbusha saa za kumeza. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kwa hiyo nisubiri kwanza niugue?" Aliporudi miezi sita baadaye alikuwa na mkanda wa jeshi ubavuni, na CD4 zake zilikuwa hazifiki 100. Siku hiyo akaanzishiwa.

Leo hakuna anayeambiwa hivyo.

Lakini lango lile lilikuwa na upande mwingine, nao ndio unaonifanya niandike. Watu waliielewa namba yao. Mtu asiyejua kusoma aliweza kukutajia CD4 zake za miaka minne mfululizo, ya kuanzia, ya miezi sita, ya mwaka, akizitamka kwa utaratibu wa mtu anayetaja watoto wake kwa kuzaliwa. Ikipanda kutoka 90 hadi 260, alijua ni kidonge alichomeza kila saa mbili usiku, akiwa ameviziba vichupa kwa pamba visisikike vikicheza mkobani. Ikishuka, alijua ni ile safari ya msibani alikokwenda bila dawa, na alikuambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Nilimwona baba mzima wa Kariakoo, mfanyabiashara mwenye duka la jumla, akilia mbele ya dirisha letu kwa furaha ya 500.

Na namba ile ilitetea ukweli palipokuwa na kelele. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walipimwa VVU hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka Kariakoo, na wiki zilizofuata madaftari yetu yalijaa upesi. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo kwa Mchungaji Ambilikile Masapila kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500, na wapo waliorudi wakaacha dawa kwa imani kwamba wamepona. Waliporudi kliniki hatukuwa na haja ya kubishana nao. Karatasi ilitoka na kila mmoja akajisomea.

Haikuwa kazi ya raha. Miaka ya mgawo wa umeme, 2006 na tena 2011, tulikuwa tukikimbizana na jenereta kuokoa friji, kwa sababu vitendanishi vikipata joto ni hasara, na vikiganda pia ni hasara. Damu ilikuwa na siku mbili tu, ikizidi hapo hesabu haiaminiki. Zipo wiki mashine ilikaa kimya ikisubiri kipuri, wagonjwa wakaambiwa njoo kesho, njoo Jumatatu, na mtu aliyekuja kwa nauli ya kukopa hakurudi tena. Desemba 2011 mafuriko yalipolikumba bonde letu na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, walikuja watu mikono mitupu, kadi za kliniki na dawa zimekwenda na maji, hawana wanachokumbuka ila namba zao za CD4. Tulianzia hapo hapo kuwajengea mafaili upya.

Sasa bonde limebadilika. Nyumba nyingi zimevunjwa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, na mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro tangu mwaka 2016.

Mwaka huo huo lango liliondolewa. Kigezo kilikuwa kimepanda hadi 350 mwaka 2012, kikafika 500 mwaka 2015, na Oktoba 2016 nchi ikaamua kwamba kila anayekutwa na VVU aanze dawa, hata CD4 zake zikiwa 900. Kabla ya hapo zilikuwa zimeshakuja mashine ndogo za mezani, Pima ikiwa maarufu zaidi, ambazo nazo zilitumia kingamwili zenye rangi inayong'aa kwa damu ya kidole, na jibu likatoka kwa dakika 20. Tukadhani huo ndio mwendo mpya wa CD4. Kumbe zilikuja jioni. Kipimo cha ufuatiliaji kikawa wingi wa virusi: damu inachukuliwa, inasafirishwa, jibu linarudi kwamba virusi vimefubaa au havigunduliki. Mashine yetu ikafunikwa kitambaa, ikasogezwa ukutani, na mahali pake pakawekwa kompyuta.

Faida yake haina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 52 ya watu wazima wenye VVU wana virusi vilivyofubaa. Ule wa 2022–2023 ulikuta asilimia 78. Nyuma ya tofauti hiyo kuna watoto waliozaliwa bila maambukizi, wanawake ambao hawakuwa wajane, na kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir ambacho hakimkaushi mtu mashavu. Mtu anachukua dawa za miezi mitatu au sita, anarudi dukani kwake. Khanga za kufunika uso zimepungua koridoni. Ningepewa nichague kati ya enzi mbili hizi, nisingefikiri mara mbili.

Na ule mwanga haukuzimika, umehama. Kipimo cha wingi wa virusi nacho kina rangi inayong'aa, ila haifungwi tena kwenye kingamwili. Inafungwa kwenye kipande kidogo cha vinasaba kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na kadiri virusi vinavyozidi ndivyo mashine inavyouona mwanga mapema. Mpwa wangu anayesoma Ujerumani ndiye aliyenionesha ulikofika. Alikuja likizo, tukakaa barazani, akafungua kompyuta yake mpakato.

Ili uelewe alichonionesha, nirudi nyuma kidogo. Nikiwa mwanafunzi nilioneshwa hadubini ya rangi hizi: chumba chenye pazia jeusi, taa ya zebaki isiyotakiwa kuzimwa na kuwashwa ovyo, harufu ya asetoni, na kwenye lenzi chembe zikiwaka kijani katikati ya weusi. Tulifundishwa njia ya hatua mbili. Kingamwili ya kwanza, tuseme ya sungura, inashika kitu unachokitafuta, nayo haina rangi. Ya pili, ya mbuzi, imetengenezwa ishike kingamwili yoyote ya sungura, na hiyo ndiyo iliyobeba rangi. Zinaweza kujishika kadhaa juu ya ile moja, mwanga ukazidi, na chupa moja ya hiyo ya pili ikatumika kwa vipimo vingi. Kwa maabara isiyo na fedha, lilikuwa jambo la maana sana. Lakini hadubini ile ilikuwa na ukuta. Ernst Abbe alishaeleza tangu mwaka 1873 kwamba mwanga hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takribani nanomita 200. Kirusi cha UKIMWI kina upana wa nanomita 120 hivi. Kilikuwa ndani ya doa, hakionekani umbo.

"Sasa huo ukuta umevukwa, mjomba," akaniambia. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2014 kwa kuuvuka, wengine kwa kuziwasha rangi chache chache na kurekodi mahali pa kila moja, mwingine kwa kuubana mwanga kwa mwale wa pili. Akanionesha picha ambamo protini zilizo juu ya kirusi kimoja zinaonekana zimekusanyika upande mmoja. Akaniambia shida ya watafiti wa hadubini hizi kwa sasa ni zile zile kingamwili za hatua mbili. Kila moja ina urefu wa nanomita 10 hivi, kwa hiyo ukizipandanisha, rangi inakaa mbali na kitu chenyewe, na kwa hadubini inayoona nanomita 20 umbali huo ni kosa kubwa. Ndiyo maana wanatafuta vishikizi vidogo zaidi, vikiwemo vinavyotokana na kingamwili za ngamia. Nilisikiliza kwa furaha ya kweli. Sisi tulihesabu chembe bila kujua ndani yake kuna nini, wao wanaona kirusi kimoja kimekaaje.

Nikamuuliza, mgonjwa akifika leo amechelewa, mtajuaje amechelewa kiasi gani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo ndipo CD4, mjomba."

Hapo ndipo. Wingi wa virusi unakueleza kama dawa zinafanya kazi. Haukuelezi kinga imebaki kiasi gani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2017 kuhusu watu wenye VVU waliofikia hatua ya juu ya ugonjwa, na kwa mtu mzima alama yake kuu ni ile ile tuliyoizoea, CD4 chini ya 200. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu na fangasi wa uti wa mgongo mara moja, kabla hajaanza kulalamikia kichwa. Wapo wanaofika hivyo hata sasa, wengi wao si wageni: ni watu walioanza dawa, wakaziacha, wakarudi. Kwa macho wanaonekana wazima. Anaweza kutembea kutoka Jangwani hadi hospitali kwa miguu yake akiwa na CD4 40. Nimewaona wengi, najua ninachokisema.

Tumepunguza kipimo hiki kwa sababu hakihitajiki tena kumruhusu mtu aanze dawa, tukasahau kwamba kilikuwa na kazi mbili. Mashine zimechakaa, vitendanishi havinunuliwi kwa wingi, na vijana wanaotoka vyuoni wengine hawajawahi kuviweka vijitubu gizani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi wetu tulikumbuka ni nani aliyekuwa analipia vitu hivi.

Sitaki enzi za lango zirudi. Nataka kipimo kibaki. Sasa vipo hata vijikanda vya damu ya kidole visivyohitaji leza wala friji kubwa, vinavyosema kwa chini ya saa moja kama CD4 ziko juu au chini ya 200. Wanaopanga bajeti za maabara wavihesabu pamoja na dawa. Na wewe msomaji, kama una ndugu anayeanza dawa leo, au aliyeziacha na sasa amekubali kurudi, usimwache aondoke kliniki na vidonge peke yake. Mwambie aombe apimwe CD4, na kama kipimo hakipo hapo, aulize kinapatikana hospitali gani, kisha umsindikize huko.